Damu Isiyoganda

Mtu hujikata kidole mara nyingi katika maisha yake, na mara nyingi husahau kabla ya jua kutua. Damu hutoka, hutulia, huganda. Kidonda hufumba, na kazi huendelea. Kwa kuwa jambo hili hutokea kila siku, hatulitazami wala hatulishukuru. Mimi nililitazama kwa mara ya kwanza katika mwezi wa Aprili, mwaka 1983, nilipoona damu iliyokataa kuganda. Damu hiyo ilikuwa ya mama yangu mzazi.

Tulikuwa tukikaa mtaa wa Jericho, upande wa mashariki ya jiji la Nairobi, katika nyumba ya vyumba viwili. Baba alikwenda kazini kwa miguu kila alfajiri, katika viwanda vilivyo ng'ambo ya Jogoo Road na reli. Mama alikuwa mwuza mboga. Kabla hakujapambazuka alikuwa amekwisha kufika soko la Wakulima, ambalo watu wa Nairobi huliita Marikiti. Na jua lilipochomoza alikuwa ameketi nyuma ya meza yake katika soko la Jericho, akifunga mafungu ya sukuma wiki. Mboga hiyo ilipewa jina lake kwa sababu humsaidia mtu mwenye kipato kidogo kuisukuma wiki mpaka ifike mwisho. Nasi watoto sita tulisukumwa nayo, si wiki moja, bali miaka yote ya shule.

Nilikuwa na umri wa miaka kumi na minne, nimo katika kidato cha kwanza, na likizo ya Aprili ilikuwa imeanza. Jumatatu moja jioni Mama alishikwa na tumbo. Lilimsokota, likavimba, likawa gumu kama ngoma. Usiku ule Baba aliomba gari la jirani, tukampeleka hospitali moja ya mjini. Madaktari walipompasua waliona kuwa utumbo mpana ulikuwa umejisokota kama kamba, na sehemu yake imekwisha kufa kwa kukosa damu. Maradhi hayo si mageni katika Afrika Mashariki, wala hayampi mgonjwa nafasi ya kungoja. Walikata sehemu iliyokufa, wakaunga iliyo hai, wakamshona. Asubuhi tuliambiwa kuwa Mama yu hai, nasi tukadhani kwamba hatari imepita.

Walakini siku ya tatu homa ilipanda. Uchafu kidogo wa utumbo ulikuwa umemwagika ndani ya tumbo, ukaleta usaha. Mama akadungwa dawa kali za kuua vijidudu, mchana na usiku. Akakatazwa kula chochote mpaka utumbo upone. Chakula chake kikawa maji yenye sukari na chumvi, yakitiririka katika mshipa wa mkono tone baada ya tone. Hivyo mama yangu, aliyelisha mboga nusu ya mtaa, hakuonja hata jani moja kwa muda wa siku tisa.

Kwa kuwa nilikuwa likizoni, nilipewa kazi ya kukaa naye kila saa za kuwatazama wagonjwa. Siku ya saba baada ya upasuaji nilimkuta amelala ubavu, na juu ya mto wake nikaona doa jekundu, dogo kama punje ya harage. Damu ilikuwa imetoka katika fizi zake. Nilipotaka kumwita Sista, Mama alinishika mkono akasema kwa sauti ya chini:

“Mwanangu, usimwambie mtu. Wakijua watanirudisha kwenye kisu. Ugeuze mto.”

Nikaugeuza mto, upande safi ukawa juu. Nilikuwa mtoto mtiifu, na nilidhani kuwa utii ndio upendo wenyewe. Siku ya nane niliona mambo mengine. Kila mahali alipodungwa sindano palikuwa na alama nyeusi, pana kama sarafu ya shilingi. Tena mkojo uliokuwa ukishuka katika mfuko chini ya kitanda ulikuwa na rangi ya chai isiyotiwa maziwa. Siku hiyo pia sikusema neno. Wahenga wanasema kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hiyo nilikuwa nimeiandika kwa mwandiko mzuri katika daftari langu la Kiswahili, na mwalimu alikuwa amenipa alama zote. Kumbe kuandika methali ni jambo moja, na kuitii ni jambo jingine.

Siku ya tisa damu ilianza kutoka katika mshono. Haikutoka kwa nguvu, bali ilichuruzika polepole bila kukoma. Sista alikandamiza kitambaa, kikaloa; akaweka kingine juu yake, nacho kikaloa. Damu ilitoka puani pia. Nikatolewa nje, nikakaa ukumbini juu ya benchi pamoja na Baba, Dada yangu mkubwa, Nyanya na Shangazi.

Hapo ndipo nilipoyasikia maneno ambayo yaliniumiza kuliko kuiona damu. Shangazi, ambaye hakuwa mtu mbaya ila alikuwa mwoga, alisema kwamba damu ya Mama ilikuwa damu ya maji, na kwamba ni ya ukoo wao. Akakumbusha habari ya babu mmoja wa upande wa Mama ambaye zamani alijikata kwa panga shambani, akafa kwa kutokwa na damu. Nyanya, mama yake Mama, akainamisha kichwa asijibu.

Maneno ya namna hiyo hayakai ukumbini. Kabla ya siku mbili kupita yalikuwa yamefika Jericho, yakavuka mpaka Maringo, yakaingia katika nyumba ya kijana aliyetaka kumwoa Dada yangu. Wazee wa kijana huyo walitazamiwa kuja kwetu mwezi wa Mei kuzungumza habari za mahari. Wakatuma ujumbe wa adabu nyingi kwamba ingefaa mambo yangoje kidogo. Hawakutaja sababu, wala haikuwa lazima waitaje. Dada alikwenda nyuma ya nyumba, penye kamba ya kuanikia nguo, akalia peke yake. Nilimwona, naye alipojua kuwa nimemwona, akaniuliza swali ambalo sikuwa na jawabu lake: “Je, nami nina damu ile ile?”

Lakini nimetangulia habari. Nirudi hospitalini, siku ile ya tisa.

Daktari mmoja kijana, mwanamke, alitoka wodini akatuita sote pamoja. Alikuwa na karatasi mkononi, na badala ya kutueleza alianza kutuuliza. Kuuliza si ujinga. Nami nadhani kwamba maswali yake ndiyo yaliyokuwa dawa ya kwanza aliyopewa Mama.

“Mama huyu amezaa mara ngapi?”

“Mara sita,” akajibu Nyanya.

“Alipata kutokwa na damu kupita kiasi katika uzazi wowote?”

“Hata mara moja, mwanangu.”

“Amepata kung'olewa jino?”

“Mawili,” akasema Baba. “Alirudi sokoni siku ile ile.”

“Akijikata kisu jikoni, damu huchukua muda mrefu kukoma?”

Dada akasema kwamba Mama hukata sukuma wiki kila siku, na hujikata mara nyingi, naye hufunga kidole kwa kitambaa akaendelea na kazi.

“Je, kuna mtu wa ukoo wake, ndugu au mjomba, ambaye huvimba magoti kwa damu au hutoka damu bila sababu?”

Nyanya akafikiri sana, kisha akasema hapana. Yule babu wa panga alikuwa amekatwa mshipa mkubwa wa paja, akaachwa shambani bila msaada. Mtu yeyote angalikufa. Shangazi akanyamaza.

Ndipo Daktari akauliza swali la mwisho: “Damu hii ilionekana lini kwa mara ya kwanza?” Watu wote wakasema, “Leo.” Nami nilisikia moyo wangu ukigonga. Nilitazama sakafu, nikatazama viatu vya Baba. Mwisho nikasema: “Ni juzi, Daktari. Ilikuwa katika mto. Niliugeuza.” Nikaeleza pia habari za alama nyeusi na za mkojo.

Nilingoja kupigwa kofi na Baba, ama kukemewa na Daktari. Hakuna aliyefanya hivyo. Daktari aliandika maneno yangu katika karatasi yake, kisha akasema: “Ahsante. Hilo linanisaidia. Damu haikuharibika kwa ghafula. Ilipungukiwa na kitu kidogo kidogo.”

Msomaji, ili ufahamu maana ya maneno yake sina budi kueleza jinsi damu inavyoganda. Mshipa ukikatwa, mambo matatu hutendeka. Kwanza, mshipa wenyewe hujikaza ili tundu liwe dogo. Pili, chembe ndogo bapa zilizomo katika damu hukimbilia pale penye jeraha, zikashikamana na kuziba, kama watu wanaoziba pengo la boma kwa miili yao. Tatu, protini zilizoyeyuka katika majimaji ya damu huamshana moja baada ya nyingine, mpaka ya mwisho hugeuka kuwa nyuzi ngumu ziitwazo fibrini. Nyuzi hizo husukana kama wavu juu ya zile chembe, na kizibo kikawa imara. Ikiwa protini moja tu imekosekana katika safu hiyo, inayofuata haiamki, na wavu hausukwi.

Nyingi za protini hizo hutengenezwa na ini. Nne kati yake, ambazo wataalamu wamezipa nambari 2, 7, 9 na 10, haziwezi kukamilika pasipo vitamini K. Ini likikosa vitamini hiyo huendelea na kazi yake, lakini kitu linachokitengeneza ni kama misumari isiyo na ncha: iko, inahesabika, wala haishiki ubao. Nasi hupata vitamini K kwa njia mbili. Njia iliyo kubwa ni majani mabichi tunayokula: sukuma wiki, mchicha, kunde, managu, kabichi. Njia ya pili ni vijidudu vyema vinavyokaa ndani ya matumbo yetu, ambavyo hutengeneza kiasi fulani. Akiba ya mwili ni ndogo, haipiti majuma machache kwa mtu mzima, na kwa mgonjwa huisha upesi zaidi.

Sasa tazama hali ya Mama. Hakula jani lolote kwa siku tisa. Dawa kali zilizookoa maisha yake ziliua vijidudu vibaya vya usaha, na pamoja navyo vile vyema vya utumbo. Maji ya mshipani yalikuwa na sukari na chumvi, lakini hayakuwa na vitamini K. Milango yote miwili ilikuwa imefungwa, na hakuna aliyeifunga kwa ubaya. Maabara ilipima muda wa majimaji ya damu yake kuganda baada ya kutiwa dawa ya kuyaamsha. Kwa mtu mzima mwenye afya huwa kama sekunde 12. Ya Mama ilipita sekunde 40.

Nilipokuwa mtu mzima nilisoma jinsi siri hii ilivyogunduliwa, nikaona kwamba ilianza kwa vifaranga. Mwaka 1929, katika mji wa Copenhagen, mtaalamu wa Denmark aitwaye Henrik Dam alikuwa akiwalisha vifaranga chakula kilichoondolewa mafuta yote, ili achunguze jambo jingine kabisa. Akaona kwamba vifaranga wanatoka damu chini ya ngozi, na damu yao inachelewa kuganda. Angaliweza kuwatupa na kuanza upya. Badala yake aliuliza sababu. Mwaka 1935 alitangaza kuwa kuna vitamini mpya, akaiita K, herufi ya kwanza ya neno la Kidenmark na la Kijerumani lenye maana ya kuganda. Mwaka 1943 tuzo ya Nobel ya tiba ilikuwa yake pamoja na Edward Doisy wa Marekani, aliyeonyesha jinsi vitamini hiyo ilivyoundwa.

Basi Mama alidungwa vitamini K katika mshipa, polepole sana. Lakini dawa hiyo huhitaji saa kadha wa kadha kabla ini halijatengeneza protini nzima, na damu ilikuwa ikitoka. Ilikuwa lazima apewe damu ya watu wengine, mbichi, yenye protini zake zote. Zamani hizo hospitali ziliwategemea sana ndugu na marafiki wa mgonjwa. Baba alirudi Jericho kwa basi, akagonga milango. Jioni ile walikuja watu tisa: mshona viatu wa sokoni, wauza mboga wenzake Mama, wachezaji wawili wa mpira waliokuwa wakifanya mazoezi katika uwanja wa Camp Toyoyo, na jirani yetu mzee, mstaafu wa reli, ambaye aliambiwa kuwa umri wake umepita akakasirika. Shangazi pia alijitoa. Kundi la damu yake lilifaa. Hakusema lolote, alinyosha mkono tu.

Usiku ule damu ilipungua. Asubuhi vitambaa vilikuwa vikavu. Kesho yake maabara ilipima tena, na zile sekunde zilikuwa zimeshuka karibu na kipimo cha watu wote. Mama alipofumbua macho aliniuliza kwa ishara habari ya mto. Nikamwambia kwamba nimesema. Akafumba macho tena, akanifinya kidole. Sikujua kama ni msamaha ama ni karipio. Baadaye aliniambia kuwa yalikuwa yote mawili.

Kabla Mama hajatoka hospitalini, yule Daktari alifanya jambo moja ambalo halikuwa katika wajibu wake. Alisikia kwa Nyanya habari za uchumba uliosimama, akamwita Dada. Akamweleza kuwa matatizo ya damu kutoganda ni ya namna mbili. Yako ya kuzaliwa nayo, kama hemofilia, ambayo mara nyingi huwapata wanaume na hupitishwa kwa upande wa mama. Na yako ambayo mtu huyapata baadaye, kwa sababu ya ugonjwa, dawa, njaa ama upasuaji. La Mama lilikuwa la namna ya pili. Sababu yake ilijulikana, dawa yake ilijulikana, nalo limekwisha. Halirithiwi, kama vile mtoto harithi njaa ya siku moja ya mzazi wake. Kisha akaongeza maneno ambayo Dada huyakariri mpaka leo: kwamba hata kama lingalikuwa la kurithi, lisingalikuwa aibu, kwa maana hakuna aliyechagua damu yake tumboni.

Dada aliyapeleka maneno hayo Maringo yeye mwenyewe, kwa miguu, hakumtuma mtu. Wazee walikuja mwezi wa Agosti. Kama wangalikataa kuja, nadhani Dada angaliishi vema vile vile, kwa kuwa swali lililomliza nyuma ya nyumba lilikuwa limekwisha kupata jawabu.

Isidhaniwe kuwa kila damu inayokataa kuganda baada ya upasuaji ina sababu kama ya Mama. Sababu ni nyingi. Mtu aliyepoteza damu nyingi akajazwa maji ya chumvi kwa haraka, protini na chembe bapa alizobaki nazo huwa chache mno ndani ya maji mengi, kama mchuzi uliozidishwa maji. Mgonjwa akiingiwa na baridi katika chumba cha upasuaji, protini hizo hulegea, kwa kuwa zimeumbwa kufanya kazi katika joto la mwili. Usaha ukienea katika damu, vibonge vidogo visivyohesabika huweza kuganda ndani ya mishipa midogo, vikamaliza akiba yote, na mgonjwa akaganda na kutoka damu kwa wakati mmoja. Ndiyo maana daktari mwenye busara hakisii; hupima, huuliza, kisha hutibu sababu.

Liko pia kosa la upande wa pili, nalo lilimpata yule jirani yetu mstaafu wa reli. Miaka minne baadaye alivunjika nyonga, akapasuliwa, akalala kitandani majuma mengi. Damu yake haikukataa kuganda, bali iliganda pasipotakiwa, ndani ya mshipa wa mguu. Mguu ulivimba ukauma. Hatari ya bonge la namna hiyo ni kwamba kipande chake huweza kukatika, kikasafiri mpaka mapafuni, na mtu akafa ghafula. Ndiyo sababu siku hizi mgonjwa aliyepasuliwa huhimizwa kuinuka na kutembea mapema, hata akinung'unika.

Mzee alipewa vidonge vya warfarini. Dawa hiyo ina historia ya ajabu. Katika miaka ya 1920 ng'ombe wa Kanada na wa kaskazini ya Marekani walikufa kwa kutoka damu, na mara nyingi jeraha lilikuwa dogo tu, la kukatwa pembe. Ilionekana kuwa walikula majani makavu yaliyoota ukungu. Mwaka 1933 mkulima mmoja wa Wisconsin alibeba ng'ombe mfu, majani, na kopo lililojaa damu isiyoganda, akasafiri katika theluji mpaka maabara ya Karl Paul Link. Kazi iliyoanzia hapo ilionyesha kuwa majani hayo yana kitu kinachopingana na vitamini K. Kutokana nacho ilitengenezwa warfarini, ikauzwa kuwa sumu ya panya tangu 1948, kisha mwaka 1954 ikakubaliwa kuwa dawa ya watu. Mwaka uliofuata alipewa Rais Eisenhower wa Marekani, aliyekuwa ameshikwa na maradhi ya moyo.

Kila ninapomkumbuka mkulima yule na kopo lake huona haya kidogo. Yeye alibeba damu katika theluji ili ionekane. Mimi niliificha chini ya mto.

Mzee wa reli aliambiwa na daktari kwamba, maadamu anakula vidonge vile, asizidishe wala asipunguze majani mabichi kwa ghafula. Ale kiasi kile kile, ili dawa na chakula visivutane. Basi kila jioni alifika kwenye meza ya Mama sokoni, na Mama alimfungia fungu moja, la ukubwa ule ule, kwa makini ya mfua dhahabu anayepima kwa mizani. Watu waliocheka hawakujua kuwa wanatazama watu wawili ambao mmoja alikaribia kufa kwa kukosa majani hayo, na mwingine angeweza kudhurika kwa kuyazidisha.

Mambo mengi yamebadilika tangu siku hizo. Baada ya mlipuko wa tarehe 7 Agosti 1998, uliobomoa ubalozi wa Marekani na majengo ya jirani katikati ya Nairobi, wakazi wa jiji walipanga foleni ndefu kutoa damu kwa watu wasiowajua. Katika miaka iliyofuata taifa lilijiwekea huduma ya kukusanya na kupima damu, na wanafunzi wa shule za sekondari wamekuwa miongoni mwa watoaji wake wakubwa. Mwenye afya, aliyefikia umri wa miaka 16 na uzito wa kilo 50, aweza kutoa. Tena watoto wanaozaliwa hospitalini hudungwa vitamini K siku ya kwanza, kwa kuwa mtoto mchanga huzaliwa na akiba ndogo sana. Yamkini wewe msomaji ulidungwa, nawe hukumbuki.

Mama aliishi miaka ishirini na sita baada ya upasuaji ule. Alirudi sokoni mwezi wa Julai, mwembamba, amefunga leso tumboni juu ya mshono. Siku moja nilimsikia akimwambia mwuza mboga mwenzake, aliyekuwa akificha uvimbe titini: “Dada, mwambie daktari leo. Mimi nilimfundisha mwanangu kuugeuza mto, na alinisaidia zaidi aliponiasi.”

Hili ndilo nililojifunza, nami nalitoa kwenu mlio katika umri niliokuwa nao mimi. Ugonjwa una sababu, na sababu hutafutwa kwa macho na kwa maswali. Haitafutwi katika koo za watu. Atakayelala kitandani siku moja aweza kuwa mama yako, ama baba, ama ndugu, naye aweza kukusihi usiseme. Mheshimu, mfute jasho, mshike mkono. Lakini ukiona doa katika mto, usiugeuze. Mwite Sista.